Ng'ambo ya Ngome

Mtoto wa Likoni anayekwenda kutazama historia ya kwao huanza kwa kungoja feri. Sare zimepigwa pasi, wanafunzi wamepangwa wawili wawili, na mwalimu anahesabu vichwa kabla ya lango la kivuko kufunguliwa, kisha anahesabu tena ng'ambo. Wa Kisauni huja kwa Daraja la Nyali. Wa Changamwe hupitia Makupa. Njia ni tatu lakini mwisho ni mmoja: ile Ngome ya Yesu ya Wareno iliyo mdomoni mwa bandari ya kale, ambayo wenyeji wamezoea kuiita Ngomeni, basi. Watatazama mizinga, vyombo vya kauri na milango ya nakshi, watanunua mabuyu nje, na jioni watarudi kwao.

Safari hiyo ya mtoto ni ya siku moja, ila njia yake ina umri wa karne nyingi. Kila aliyetaka kujua sanaa ya Mombasa, awe mwanachuoni, mmishonari, mwanaakiolojia au mwanafunzi aliyekuja kutumia likizo yake hapa, alielekea kisiwani. Bara, yaani upande wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ilibaki mahali pa kupita. Ukiifuata historia yenyewe, hata hivyo, utaona kwamba kisiwa kimekuwa kabati la vioo, na mikono iliyokijaza ilikuwa aghalabu ng'ambo.

Tuanze na mgeni wa mwaka 1331. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja tu akielekea Kilwa. Hakuna ziara ya masomo iliyokuwa fupi kuliko hiyo, na bado maneno yake yanasomwa. Alikuta ndizi na ndimu, watu wa dini, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kisiwa hakikuwa na kilimo cha nafaka, chakula chake kililetwa kutoka pwani ya bara. Sanaa aliyoisifu ilisimama kisiwani, na waliojenga walikula vya ng'ambo.

Mgeni aliyefuata hakuja kusifu. Mwaka 1505 manowari za Francisco de Almeida ziliuchoma mji na kuupora. Aliyeandika habari za uporaji ule alitaja nguo za hariri na dhahabu pamoja na mazulia, na zulia moja lililosemwa kuwa halina kifani lilitengwa likapelekwa kwa mfalme wa Ureno. Katika kumbukumbu zilizoandikwa, hilo ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya Mombasa kuchaguliwa kwa uzuri wake na kwenda kukaa Ulaya. Mchaguzi alijua thamani yake. Fundi na mwenye zulia hawakuandikwa majina.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa mjenzi mkuu wa mfalme huko India. Mafundi wa mawe walitoka India na vibarua Malindi. Humo ndani kuna kitu ambacho kila mwanafunzi angepaswa kusimama mbele yake kwa robo saa nzima: ukuta uliochorwa na mabaharia au askari wa Kireno katika karne ya 17. Wametumia mkaa na udongo mwekundu, wakachora merikebu, samaki na watu. Ni michoro ya watu waliochoka kungoja, mikono isiyo na mafunzo ya chuo chochote, na kwa sababu hiyo inasema zaidi ya picha rasmi. Aliyechora zile merikebu alizijua kamba zake moja moja. Tangu 1696 ngome ilizingirwa na Waomani kwa karibu miaka mitatu, na ilipoangushwa Desemba 1698 michoro hiyo ilibaki ukutani, kama barua isiyopata wa kuituma.

Kiswahili nacho kikahifadhi kumbukumbu yake. Neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, nalo ndilo jina ambalo ngome ilibeba kwa muda mrefu. Baadaye maana ikatimia kwa njia nyingine: kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Kwa zaidi ya miaka sitini, mkazi wa bara aliyeingia mahali ambapo leo watoto hulipia tiketi aliingia akiwa amefungwa pingu.

Wakati kisiwa kikibadili mabwana, bara ilikuwa na mambo yake. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa Kisauni, mahali panapotazamana na mji wa kale kuvuka mlango wa bahari. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS (Church Missionary Society) walianzisha Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Miongoni mwa waliowatangulia huko ni Waafrika waliolelewa na kusomeshwa Nasik, India, ambao pwani hii iliwaita Wabombay. Kengele yao, iliyolia kuwatahadharisha watu, ndiyo iliyowapa makondakta wa matatu jina la kituo: Kengeleni. Maelfu hulitaja jina hilo kila siku wakishuka, na kengele ipo palepale, hatua chache kutoka barabarani. Hiyo ni makumbusho isiyo na tiketi wala saa za kufunga.

Huko Ulaya nako jambo jipya lilikuwa likizaliwa. Mwaka 1888 Chuo Kikuu cha Oxford kiliwaalika watu wasio wanafunzi wake, wengi wao walimu, kuja kusoma kwa muda mfupi vyumba vilipokuwa vitupu wakati wa kiangazi. Ikawa desturi: kozi ya likizo, mihadhara asubuhi, kutembelea majengo na makumbusho alasiri. Wengi walijifunza hivyo kusoma picha na sanamu bila kuwa na digrii. Mwaka huohuo wa 1888 Malkia wa Uingereza aliipa kampuni ya Imperial British East Africa hati ya kuitawala pwani hii na bara yake. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini Uingereza alikuwa akifunguliwa mlango wa maarifa katika msimu uleule ambao mwalimu wa madrasa ya Kisauni alikuwa akipata bwana mpya.

Makumbusho za kikoloni zilifuata. Zanzibar ilipata yake mwaka 1925, na Nairobi ikafungua Coryndon mwaka 1930. Huko vitu vilipangwa kwa kabila na kwa kazi: mkuki, kibuyu, ngoma. Neno sanaa halikuwa na haraka ya kuja.

Aliyeliharakisha neno hilo ni mwanamke mmoja wa Kampala. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Shule yake ya Makerere ikawalea Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau, ambaye mwaka 1959 alimaliza kuchora ukutani mwa kanisa huko Murang'a maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari ya Kiafrika. Kijana wa pwani aliyetaka elimu hiyo alilazimika kupanda gari la moshi na kusafiri bara nzima ya Kenya hadi Uganda. Nyumbani Mombasa, chuo cha Waislamu kilichopokea wanafunzi tangu 1951, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilifundisha ufundi wa mikono na mitambo. Mkono ulisomeshwa Mombasa, historia ya kazi ya mkono ikasomeshwa kwingine. Utengano huo bado tunauishi.

Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, na miaka kumi baadaye akahamia ngomeni. Jela ilipofungwa mwaka 1958, taasisi ya Gulbenkian ya Ureno ilitoa fedha za ukarabati, na mwaka 1960 Ngome ya Yesu ikafunguliwa kuwa makumbusho. Vyombo vilivyochimbuliwa vilisafishwa, vikapewa nambari, vikapangwa. Kigae kimoja cha China kikawa somo la biashara ya bahari nzima.

Miaka ya 1970 ilileta darasa ambalo halijapata kutokea tena mahali hapa. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuja kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa, ilikuwa imezama mbele ya ngome mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimba chini ya maji. Kitu kilichokaa baharini karne tatu hakitolewi tu na kuanikwa juani. Mbao hulowekwa, chumvi huondolewa pole pole, la sivyo hupasuka na kusambaratika. Vijana waliofanya kazi hiyo walijifunza kwamba historia ya sanaa ni pia elimu ya ndoo, brashi na subira. Kutoka ngomeni walikokuwa wakisafisha vyungu na kauri, walitazamana moja kwa moja na ufuo wa Kisauni.

Baada ya hapo wanafunzi wa likizo wakazoeleka. Mark Horton alianza kuchimba Shanga, visiwa vya Lamu, mwaka 1980 akiwa bado kijana. Chapurukha Kusimba alifanya utafiti wa miaka mingi Mtwapa, mwendo mfupi kaskazini mwa Kisauni. George Abungu aliongoza akiolojia ya pwani kutoka ngomeni kabla ya kuwa mkurugenzi mkuu wa makumbusho ya taifa. Vyuo vya Marekani vikaleta makundi yao: wiki chache za Kiswahili, nyumba ya kuishi na familia, ziara ya Mji wa Kale, ziara ya Lamu, insha, kwaheri.

Hapa pana kichekesho cha majira. Kiangazi cha wenzetu, Juni hadi Agosti, ni kipupwe chetu. Kusi inavuma, bahari imechafuka, na usiku hata Mombasa mtu hujifunika shuka. Katika karne za majahazi, wageni waliletwa na kaskazi mwanzoni mwa mwaka na kusi ikawarudisha kwao. Mwanafunzi wa ndege amegeuza kalenda: anafika wakati ambao babu zetu walikuwa wakiaga wageni. Na kwa kuwa anakuja msimu mmoja tu, anaiona pwani ya msimu mmoja. Hukosa miezi ya kaskazi, bahari inapotulia na wavuvi wakitoka mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Lakini kwa miaka mingi aliyepona zaidi katika kozi hizi ni mgeni, maana ndiye aliyeondoka na cheti.

Haikuwa hivyo kila mara. Mwaka 2000 Mombasa ilipata taasisi ya kuwafunza wafanyakazi wa makumbusho wa Afrika inayotumia Kiingereza, iliyozaliwa na mpango wa shirika la ICCROM la Roma, na pacha wake akiwa Porto-Novo, Benin. Makao yake yaliwekwa katika jengo la mahakama ya zamani, karibu na ngome, na baadaye ikaitwa Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika. Waafrika walikuja Mombasa kwa kozi fupi za kutunza vitu vya Waafrika. Kwa mara ya kwanza desturi ya Oxford ya 1888 ilikuwa imegeuzwa ndani nje.

Alikuwepo pia mwalimu ambaye hakuhitaji ukumbi. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, aliishi na kufanya kazi Mombasa kwa miaka mingi. Wasomi wa ughaibuni walimwendea kama mtu anavyokwenda maktaba. Utenzi wake *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unataja uundaji wa chombo na majina ya sehemu zake. Wazo lake lilikuwa rahisi: ukipoteza jina la kitu, kesho utashindwa kukitengeneza. Mlango wa nakshi una miimo, una kizingiti, una mfaa katikati unaoficha mwanya wa mbao mbili. Mtalii huona maua, mwanafunzi wa Nabhany husikia majina.

Somo lililo zito kuliko yote, hata hivyo, lilitoka kwa Wamijikenda, majirani wa bara. Kigango ni mti uliochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata mji ukihama. Tangu miaka ya 1970 vigango viliibwa usiku usiku, vikauzwa na kuishia katika nyumba za matajiri na makumbusho za Marekani, ambako vilipewa jina la sanaa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa na vigango vya ndugu zake. Vikaibwa. Mwaka 1999, katika kongamano la wasomi wa Afrika huko Marekani, mtu alikuwa akionyesha slaidi za mkusanyo wa chuo kimoja, na Udvardy akakitambua kimoja cha vigango hivyo ukutani.

Fikiria slaidi. Ndicho chombo kikuu cha somo la historia ya sanaa: taa zinazimwa, kitu kinaonekana kikiwa peke yake, kimekatwa kutoka uwanjani kwao. Safari hii slaidi ilimshtaki mwenye kuionyesha. Kigango kikarudi na kukabidhiwa familia mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yakaamua kurudisha 30, na mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37. Kilichowezesha haya yote ni picha moja iliyopigwa kando ya mti, mwenyewe akiwepo. Hapo ndipo elimu ya sanaa ilipaswa kuanzia tangu awali.

Sasa tuvuke Makupa. Kando ya njia ya Port Reitz, Changamwe, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Ukaribu wake na uwanja wa ndege umekifanya kuwa kituo cha mwisho cha mtalii mwenye pesa zilizobaki. Wasomi wa sanaa wamekikwepa kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo: eti ni vinyago vya biashara. Lakini asili yake ni hadithi kamili ya sanaa ya Afrika Mashariki. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kwao na ujuzi huo. Watoto na majirani zake wakaueneza, na bandari ikawavuta pwani. Mkono wa Kizaramo, kupitia Ukambani, ukafika Changamwe.

Keti kivulini pale utazame. Gogo hukatwa kwa msumeno likiwa bado bichi. Tezo hushuka, vipande vinaruka, na baada ya muda shingo ya twiga inaanza kujitenga na mgongo. Hakuna mchoro uliowekwa mbele, kipimo kiko machoni. Huyu anatoa umbo, mwenzake anashika kisu kwa masikio na pembe, wa tatu anapiga msasa, wa nne anapaka nta. Twiga mmoja ana mabwana wanne, na hakuna hata mmoja aliyeweka sahihi. Mwanafunzi aliyesoma kuhusu karakana za wachoraji wa Italia, ambako bwana alichora uso na vijana wakamalizia nguo, angeutambua mpango huu mara moja. Kisha muulize mchongaji kuhusu mti. Mpingo na muhugu vimekuwa adimu, kwa hiyo mwarobaini, uliotoka India, umeshika nafasi. Rangi ya sanaa ya Changamwe imebadilika kwa sababu ya msitu, wala si kwa sababu ya nadharia. Penye miti hapana wajenzi, wanasema wahenga. Hapa wajenzi wapo, miti ndiyo imekwenda.

Kisauni nako, karakana za Bombolulu zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya mapambo na ufundi tangu 1969, na ndani yake kuna nyumba za jadi za jamii mbalimbali. Hiyo ni makumbusho pia, ingawa tumezoea kuiita sehemu ya kununua zawadi.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Illinois kilifungua maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka makumbusho za Kenya. Yakaenda Washington mwaka 2018, kisha Los Angeles. Ilikuwa heshima iliyostahili, na vitu vilisafiri kwa hati na bima. Nyumbani nako somo la sanaa lilikuwa limepanda na kushuka. Kizazi cha 8-4-4, kilichoanza mwaka 1985, kinakumbuka kubeba udongo wa kufinyanga na kusuka vikapu kwa ajili ya mtihani, kabla ya sanaa kuondolewa katika mitihani ya shule ya msingi. Mtaala wa umilisi umeirudisha darasani, na walimu wa bara sasa wanatafuta mahali pa kuwapeleka watoto.

Mahali papo, na nauli ni ya tuktuk. Likizo ya Agosti ina wiki za kutosha kwa kozi ya jumuiya isiyohitaji ndege: siku mbili Changamwe na wachongaji, siku moja Kengeleni na Bombolulu, siku moja kwa wazee wa Kimijikenda wanaojua kigango ni nini na kwa nini hakiguswi. Ngome iwe siku ya mwisho, badala ya kuwa ya kwanza na ya pekee. Vyuo vikuu vya pwani na watafiti wa ngomeni wanaweza kuiendesha, na mgeni wa kiangazi akaribishwe akae benchi moja na mtoto wa Likoni.

Maana mtoto aliyeshinda asubuhi akiokota vipande vya mbao chini ya tezo hawezi kuingia ngomeni kama alivyoingia mwaka jana. Atafika mbele ya mlango wa nakshi, atasogea karibu kuliko anavyoruhusiwa, na kabla mwelekezi hajataja karne atakuwa ameshauliza: huu ni mti gani, ulikatwa wapi, na waliouchonga walikuwa wangapi?